Foleni ya Barafu Niliyoiandika kwa Python

Shati nililovaa siku ile nililichoma. Nilikuwa nimelifua kwa sabuni ya kipande, nikalirudia kwa majivu na ndimu, nikalianika juani mpaka likapauka mabega, lakini kila nilipolisogeza karibu na uso nilirudi kwenye lile beseni la bluu na samaki aina ya ngege waliolegea ndani yake, matumbo yamefura, nzi wa kijani wakitembea juu ya macho yao. Nikalimwagia mafuta ya taa nyuma ya choo, nikaliwasha, nikasimama pale mpaka likaisha. Harufu haikuisha.

Wapo watu hapa Suna, Migori, wanaosema hadi leo kwamba samaki wale waliozeshwa na kompyuta. Wananiambia hivyo kwa huruma, wakidhani wananifariji. Kompyuta ilifanya nilichoiambia. Mimi ndiye niliyeiambia kitu nisichokielewa, kisha nikasimama mbele ya mwanamke mwenye samaki wabichi na kumfanya yeye ndiye asiyeelewa.

Mashine ya barafu iko kwenye boma langu. Ni mali ya kikundi cha akina mama wanaouza samaki mjini Migori. Waliiweka kwangu kwa sababu nina stima na banda lenye kivuli, na kwa sababu nilikuwa karani wa stoo kwa muda mrefu, wakadhani mtu wa namna hiyo hawezi kuharibu kitu. Mashine yenyewe ni ndogo. Barafu inayotengeneza usiku kucha inatosha mama watatu, basi. Kwa hiyo wana zamu. Samaki hutoka Muhuru Bay asubuhi kwa pikapu, hufika kwangu mchana, na mama ambaye ni siku yake hujaza barafu kwenye beseni, akafunika kwa gunia lenye maji, samaki wakalala salama mpaka alfajiri wapelekwe kwa wateja. Ambaye si siku yake hanunui samaki wabichi. Anauza omena, wale dagaa wakavu, au anakwenda shambani.

Kabla sijaingilia, zamu hiyo ilikaa midomoni mwao. Wakimaliza kupakia barafu wanaulizana kesho ni nani, wanajibizana, wanacheka, wanaondoka. Sikuwahi kuwasikia wakigombana. Lakini mimi nilikuwa nimestaafu na sina la kufanya, na jambo linaloenda vizuri bila karani lilinikera. Nasema hivyo sasa. Wakati ule nilisema nataka kuwasaidia.

Binti yangu anafundisha kompyuta katika chuo kidogo huko Homa Bay. Nilikwenda kukaa kwake, nikaomba niingie darasa la wanaoanza. Nikaketi nyuma na miwani yangu, kati ya vijana waliovaa kofia ndani ya nyumba.

"Kwaru," mmoja akaniuliza, yaani babu, "umekuja kutengenezewa redio?"

"Nimekuja kukuonyesha jinsi ya kuvua kofia mbele ya mwalimu," nikamjibu, na darasa likacheka upande wangu. Nilifurahi sana. Nilijiona bado niko moto.

Siku hiyo somo lilikuwa orodha. Binti yangu alieleza kwamba katika Python orodha ni vitu vilivyopangwa mstari mmoja, kila kimoja na nafasi yake. Unavifungia ndani ya mabano ya mraba na kuvitenganisha kwa koma. Akaandika ubaoni:

vituo = ["Suna", "Rongo", "Rodi", "Homa Bay"]

"Mzee wetu wa nyuma," akasema, kwa sababu darasani hakutaka kuniita baba, "Suna ni namba ngapi?"

"Moja."

"Ni sifuri."

Vijana wakacheka tena, safari hii upande wa pili. Mimi nilisoma shule ambayo sifuri ilikuwa jina la mtoto mjinga. Nikasema haiwezekani, cha kwanza ni cha kwanza.

"Usiangalie heshima," akasema. "Angalia umbali. Umesimama Suna. Umevuka vituo vingapi kufika hapo ulipo? Hakuna. Kufika Rongo umevuka kimoja. Hiyo namba inasema uko mbali kiasi gani na mwanzo, basi."

Hapo nikaelewa, na kwa kuwa nilielewa jambo moja nikadhani nimeelewa yote. Akaendelea. Ukitaka kumweka mgeni kwenye orodha unasema append, naye anakwenda kusimama mwisho. Ukisema pop(0) unamtoa aliye mbele kabisa na unakabidhiwa mkononi, ukafanye naye unalotaka. Ukisema remove na kutaja kitu, kinatafutwa na kutolewa, na vyote vilivyokuwa nyuma yake vinasogea mbele nafasi moja. Orodha haibaki na pengo. Hakuna kiti kinachobaki wazi kukuonyesha kwamba hapa palikuwa na mtu.

Alisema na jambo jingine kuhusu remove. Sikulisikia. Nilikuwa nimeinama, kichwa kimejaa barafu, naandika foleni ya akina mama wangu kwenye mgongo wa karatasi ya mazoezi. Wenzangu walikaa wiki zilizobaki. Mimi nilipanda gari kurudi Migori kabla ya mwisho wa wiki hiyo, na kompyuta ya zamani ya binti yangu mkononi, nikiwa mwanaprogramu.

Huku kwetu mwanamke aliyeolewa huitwa kwa kule alikozaliwa. Aliyetoka Kadem ni nyar Kadem, binti wa Kadem, na anaweza kuzeeka na kuzikwa kwenye boma la mumewe jirani wakimwita hivyo tu. Ni jina la adabu. Basi ndivyo nilivyowaandika: nyar Muhuru, nyar Kadem, nyar Awendo, na wengine. Kikundi kilikuwa na akina mama wawili waliozaliwa Rangwe. Mmoja alikuwa wa siku nyingi, mrefu, mwenye sauti nzito, aliyekuwa akipeleka samaki kwenye hoteli moja ya mjini. Mwingine alikuwa msichana wa juzi, ameolewa hivi karibuni. Akina mama walipowataja waliongeza neno: maduong', yaani mkubwa, au matin, yaani mdogo. Mimi niliona hilo neno linachafua mstari. Nikawaandika wote wawili "nyar Rangwe".

Programu ilifanya kazi, na hapo ndipo uozo ulipoanzia. Kila jioni niliwatoa kwa pop watatu waliokwisha kuchukua barafu, nikawarudisha mwisho kwa append, kisha nikasoma majina matatu yaliyo mbele na kuwatumia ujumbe kwa simu. Lilipokuja jina la nyar Rangwe nilijua ni yupi, kwa sababu mwingine alikuwa amehudumiwa juzi. Nilijua mimi. Kompyuta haikujua. Sikuliona hilo, na akina mama nao, tangu simu ianze kuwapa siku zao, waliacha kuulizana. Walipakia barafu kimya na kuondoka. Mimi nikaona huo ndio ustaarabu.

Jioni moja mwenyekiti wao alinipigia.

"Jaduong'," akasema, yaani mzee, "mtoe nyar Rangwe matin. Mume wake amepata kazi mbali, wamehama."

"Dakika moja tu, mama."

Nikafungua kompyuta. Kwanza, kama karani mwangalifu, nikatunza nakala. Niliandika akiba = foleni, nikajipongeza. Halafu nikaandika:

foleni.remove("nyar Rangwe")

Nikauliza orodha ina watu wangapi. Jibu likapungua mmoja, kama ilivyotakiwa. Nikatuma ujumbe kwa watatu wa mbele, nikala ugali, nikalala.

Mchana wa siku iliyofuata pikapu ilipofika walishuka akina mama wanne badala ya watatu. Wa nne alikuwa nyar Rangwe mkubwa, na beseni lake la bluu lilikuwa limejaa kuliko yote.

"Jaduong', fungua mashine, leo ni mimi," akasema, akipangusa jasho kwa ncha ya leso.

"Siku yako bado, mama."

"Bado vipi? Mimi leo ndiye wa kwanza."

"Ulipata ujumbe?"

"Sikupata. Nilidhani ni network. Sasa mimi nahitaji simu kuniambia siku yangu?"

Nikaingia ndani nikaangalia. Nyar Rangwe alikuwa kule nyuma, karibu na mwisho. Nikaangalia na ile akiba, ili nisimwonee. Huko nako alikuwa nyuma, mahali palepale. Mashahidi wawili. Nikatoka nimekunja uso kama hakimu.

"Nimeangalia mara mbili. Wewe uko nyuma."

"Nani amenipeleka nyuma?"

"Mama, ni system."

Nimesimama kwenye madirisha ya ofisi nyingi maishani mwangu nikiambiwa maneno hayo na kijana anayetafuna kitu, na kila mara nilitaka kumtapikia mezani. Siku ile yalitoka kinywani mwangu laini kabisa, kana kwamba yalizaliwa humo.

"Huyo system ni nani?" akauliza. "Ana mdomo? Mlete hapa niongee naye."

Wenzake wakacheka. Nyar Awendo, ambaye hakutegemea zamu siku hiyo, akasema, "Hata mimi nilishangaa. Nilijua ni kesho, lakini ujumbe ukaja nikakimbia kununua. Chukua nusu ya barafu yangu, samaki wangu ni wachache."

Hapo ndipo ningeweza kuokoka. Mwanamke mmoja anampa mwingine barafu. Kuna nini cha kupanga hapo? Lakini mimi niliweka mkono juu ya mfuniko wa mashine.

"Hapana. Mkianza kugawana ovyo mtavuruga foleni nzima. Subiri, mama, nitaangalia tena vizuri."

Wakachukua chao, wakaondoka. Yeye akasubiri, kwa sababu nilimwambia asubiri. Hoteli ilitaka samaki wazima wabichi alfajiri, kwa sherehe, na ilikuwa imemwonya kwamba akikosa tena itatafuta mwingine. Aliniambia hivyo, wazi, ameketi kwenye jiwe la banda langu. Nilisema ndiyo, ndiyo, nikaingia ndani. Nikasoma foleni. Nikasoma akiba. Nikanywa chai. Nikasoma tena. Kila nilipotoka alikuwa amesogeza beseni kufuata kivuli, na gunia lililofunika samaki lilikuwa limekauka zaidi.

"Umeniona?" alikuwa akiuliza.

"Bado naangalia."

Jua lilipolegea nikamwambia kwamba hakuna kosa, kompyuta inasema vilevile. Akafunua gunia. Matamvua yaliyokuwa mekundu yalikuwa yamegeuka rangi ya matope. Hakupiga kelele. Aliinua samaki mmoja, akamnusa, akaninyooshea ninuse na mimi. Niligeuza uso. Niliona kinyaa, na aibu yangu kubwa ni kwamba kinyaa hicho nilikielekeza kwake, kana kwamba ni yeye aliyenuka.

Aliacha beseni pale akaenda kutafuta barafu mjini. Hakupata. Asubuhi aliporudi, boma lote lilikuwa uvundo. Maji ya kijivu yalikuwa yametoka chini ya gunia na kufanya mfereji mpaka mlangoni kwangu. Mbwa mwenyewe alinusa mara moja akaenda zake. Nilichimba shimo karibu na migomba nikawamwaga humo, nikasikia vile walivyoanguka, mlio mzito, laini, na nikatapika pembeni. Yeye alisimama akinitazama, mikono kiunoni.

"Pole sana, mama," nikasema.

"Sitaki pole. Nilikuwa wa kwanza. Niambie nilienda wapi."

Nikafukia shimo, nikaingia ndani kuchukua kompyuta.

Nilikwenda Homa Bay siku hiyohiyo na kompyuta ndani ya mfuko wa nailoni. Binti yangu alifungua mlango, akarudi nyuma hatua moja.

"Baba, unanuka nini?"

"Angalia hii."

Hakuchukua muda. Aliniuliza kwa nini majina mawili yalikuwa sawa, nikamweleza. Akafumba macho kidogo.

"Nilisema darasani. remove haijui ulikuwa unamfikiria nani. Inaanza mbele, inakwenda mmoja mmoja, na wa kwanza anayelingana na ulichoandika ndiye anayetolewa. Kisha inaacha. Mama mkubwa alikuwa mbele?"

"Alikuwa sifuri."

"Basi ulimtoa yeye. Aliyebaki kule nyuma ni yule aliyehama."

Kwa hiyo mwanamke aliyeketi kwenye jiwe langu mchana kutwa hakuwa nyuma. Hakuwepo kabisa. Nilikuwa nikitoka nje kumwambia asubiri, huku ndani nikimtazama mtu mwingine aliyekwisha kuhama.

"Lakini nilitunza nakala," nikasema. "Na nakala ilisema vilevile."

"Uliitunza vipi?"

Nikamwonyesha. Akanieleza polepole, na upole wake uliniuma kuliko kama angenifokea, kwamba alama ile ya sawasawa hainakili orodha. Inaipa orodha ileile jina la pili, kama boma moja lenye mageti mawili. Ukiingia kwa geti hili ukang'oa mti, ukizunguka ukaingia kwa lile, mti haupo. Ningetaka nakala ya kweli ningeandika foleni.copy(), ningepata orodha mpya yenye majina yale yale, na kule ndani nyar Rangwe mkubwa angekuwa bado amesimama mbele ananisubiri. Mimi nilizunguka geti hadi geti mchana wote, nikirudi na ushahidi wangu mwenyewe, huku samaki wakiiva kwa jua.

Binti yangu alinipa chai. Sikuweza kuinywa. Maziwa yalininukia samaki.

Wiki iliyofuata nilimwomba mwenyekiti awaite wote bandani. Baadhi walikuwa wameshaanza kunisaidia kusema uongo. "Jaduong', hizi mashine ndivyo zilivyo, hata benki hukosea." Nikawaambia hapana. Nikawaeleza yote: majina mawili sawa, remove, nakala isiyokuwa nakala, na barafu ya nyar Awendo niliyoifunika kwa mkono wangu. Hiyo ya mwisho haikuwa ya Python. Hiyo ilikuwa yangu tupu. Wengine waliangalia chini. Mmoja alisonya, mlio mrefu, na nikaona amefanya vyema.

Nyar Rangwe alikuwa amesimama mlangoni, hakutaka kuketi. Hoteli ilikuwa imeshapata mtu mwingine. Wote tulijua.

"Sasa nimejua nilikoenda," akasema. "Nirudishe."

Nikafungua kompyuta. Kidole kilikuwa tayari kwenye append.

"Hapo utaniweka wapi?"

"Mwisho, mama. Mgeni anaingia mwisho."

"Mimi ni mgeni?"

Akina mama wote wakanigeukia. Nikafuta. Kuna neno jingine, insert, ambalo unalipa nafasi na mtu, na wote waliopo wanasogea nyuma kumpisha. Nikaandika foleni.insert(0, halafu nikafungua alama za nukuu, na vidole vyangu kwa mazoea vikaanza nyar.

"Acha," akasema. Alikuwa amekuja nyuma yangu, anasoma begani kwangu. "Rangwe ni kwa baba yangu. Kule tumezaliwa wengi. Niandike mimi."

Ndipo nilipogundua kwamba simjui jina. Mwanamke aliyepita getini kwangu tangu mashine iletwe, aliyenisalimia kila mara, aliyewahi kuniletea samaki wa mbuta nilipokuwa mgonjwa. Ilibidi niinue uso, mbele ya kikundi kizima, nimwulize anaitwa nani.

Alinitazama kama mtu anayetazama kitu kwenye soli ya kiatu chake. Kisha akanitajia jina lake, na la baba yake. Nikaliandika vibaya. Akanirudisha. Nikaliandika tena. Halafu wengine nao wakaja mmoja mmoja nyuma ya kiti changu na kutaja yao, na nikafuta ile orodha yangu safi yote.

Hajanisamehe, na sijamwomba. Hoteli haikumrudia, sasa anauza barabarani, karibu na stendi, na anauza kidogo kuliko zamani. Akija siku yake ananipa beseni nilioshe mimi kwanza. Nalisugua kwa mchanga na majivu mpaka mikono inapasuka, na bado bluu ile ikipata joto inatoa kile kiharufu, chembamba, kitamu kitamu, kinachonipanda mpaka kooni. Ananusa. Mara nyingi ananirudishia.

"Rudia, jaduong'."

Jioni, kabla ya kutuma ujumbe wowote, nasoma foleni kwa sauti pale bandani, nao wanasikiliza na kunipinga wakitaka. Naanza na sifuri, nataja jina lote la aliye hapo, na sisogei kwenye moja mpaka mwenyewe ajibu kwamba yuko hapa.